Aliyeitikia Bwawani

Asubuhi ile bwawa la maji taka la mji wa Yuanpu lilinukia maua.

Yin Caiyue alikuwa juu ya daraja la chuma na ufagio wake. Alivuta pumzi, kisha akavuta tena kwa sababu hakuiamini ile ya kwanza. Alikuwa amefanya kazi kwenye kituo hicho cha kusafishia maji tangu kilipofunguliwa, na pua yake ilikwisha kuzoea kila kitu ambacho mji unaweza kukimwaga kwenye mfereji. Siku ya harusi yalikuja mafuta ya nguruwe. Mwaka Mpya ilikuja pombe. Wageni wa zile hoteli za kando ya ziwa wao walileta sabuni za kila namna, utadhani hawajawahi kuoga kwao. Lakini maua? Tena yale meupe ya ziwani, ambayo watu wa Yuanpu huyapika mashina yake kwa supu ya magimbi, na ambayo hayaoti ila kwenye maji safi kabisa!

"Shigen! Hebu njoo unuse."

Dong Shigen, mumewe, alikuwa upande wa pili akikwangua nywele na mifuko ya plastiki kwenye chujio. Alikuwa mtu mrefu, mvivu wa kuongea, na akifungua mdomo ujue ni utani unatoka.

"Miaka yote tunanusa vinyesi vya watu hujaniita hata siku moja," alisema akija. "Leo wamekula nini cha ajabu?"

"Acha maneno, nusa."

Shigen akaegemea ukingo. Chini yao maji yalichemka kwa hewa inayosukumwa kutoka chini, yamefunikwa na povu la rangi ya chai. Akanusa, na ule utani ukamtoka usoni. Akainama zaidi, akageuza sikio kama mtu anayesikia jirani akimwita nyuma ya ukuta.

"Nani huyo?" aliuliza.

Basi akaingia majini. Caiyue aliapa baadaye kwamba hakuteleza. Aliinama tu, polepole, kama anayekubali kuvutwa mkono, na povu likamfunika.

Watu wa kazi ile wanajua kwamba maji yaliyojaa hewa hayambebi mtu. Hata mwogeleaji hodari huzama humo kama jiwe. Caiyue alipiga kelele, na Bosi Duan, meneja wa kituo, akatoka ofisini mbio na kitambi chake akaizima mashine ya hewa. Mapovu yalipotulia, Shigen alielea mwenyewe, uso juu, macho wazi. Walimvuta kwa fito. Hakukohoa. Hakutema hata tone. Alilala pale kwenye saruji akiangalia mawingu, na Caiyue alipompiga vibao vya mashavu hakumgeukia.

Hospitali ya wilaya ilimpiga picha za kichwa na kifua, haikuona kitu. Siku ya tatu wakamrudisha nyumbani na vidonge vya usingizi, mtu ambaye tatizo lake lilikuwa kutoamka.

"Mnampeleka kwenye mashine!" alifoka Mama Dong, mama yake Shigen, kutoka kwenye kiti chake uani. Alikuwa mjane, miguu imemvimba miaka mingi, ulimi ukabaki mzima. "Roho yake imeshtuka, imebaki majini. Mashine itaiona wapi? Ningekuwa na miguu ningekwenda kumwita mwenyewe. Sasa utakwenda wewe."

"Mama, mimi nimeona akiitwa mtoto tu."

"Mtoto, mtu mzima, ni hivyo hivyo. Chukua shati alilovaa, yai, mchele na uzi mwekundu. Nenda jua likizama, simama palepale alipoangukia, umwite kwa jina lake lote. Kisha urudi unamwita njia nzima. Usigeuke nyuma, hata usikie nini. Ukifika mlangoni uliza kama amerudi, na mimi mwenye damu yake nitajibu kwamba amerudi. Nikijibu, ameingia. Kwisha."

Bosi Duan alipoombwa ruhusa aliangalia dari. Wakaguzi wa ziwa walikuwa wakipita kila mara, na kituo cha serikali hakiwezi kuwa na mambo ya mayai na mchele. "Mimi sijasikia kitu, shemeji," alisema mwishowe. "Jioni huwa nakwenda kunywa chai kwa dada yangu. Huwa nachelewa kurudi." Mamake mwenyewe alimwita hivyo hivyo alipoanguka mtini utotoni, na hilo alilijua yeye na mji mzima.

Jioni ile Caiyue alisimama kwenye daraja na shati kifuani. Mashine ya hewa ilikuwa imerudi kazini, bwawa linaunguruma. Ile harufu ya maua ilikuwa nzito kiasi cha kumkaba koo.

"Dong Shigen, rudi nyumbani! Usiogope maji, usiogope giza. Dong Shigen, rudi nyumbani!"

"Naam," likaitikia povu.

Sauti ilikuwa yake. Au Caiyue aliitaka iwe yake, na mtu akitaka kitu kwa moyo wote masikio humtumikia. Machozi yalimtiririka kwa furaha. Akageuka akaanza safari ya nyumbani akiita, akitupa mchele nyuma ya bega, akapita soko lililofungwa, akapita kilima cha hekalu, na tangu lango la kituo alisikia nyuma yake miguu iliyolowa ikipiga chapuchapu barabarani. Hakugeuka. Alitembea upesi na moyo wake ukiimba.

"Dong Shigen amerudi?" aliuliza mlangoni.

"Amerudi!" Mama Dong alijibu kutoka uani kwa nguvu zake zote.

Chumbani, Shigen aliketi kitandani na kuomba maji.

Nyumba ilikuwa sikukuu. Majirani walileta nyama na jibini ya kukaanga, Mama Dong akalia hadi akapaliwa, na Bosi Duan akatuma katoni ya maziwa na salamu kwamba mgonjwa asiwe na haraka ya kazi. Shigen alikula kila alichowekewa. Alikunywa maji ya birika zima, kisha akaomba lingine, kisha akaenda mwenyewe kwenye bomba la uani akaweka mdomo.

"Mwache anywe," alisema mama yake. "Alipotoka ni mbali."

Siku zilizofuata alikuwa mume ambaye wanawake wengi wangemtamani. Aliamka kabla ya wote. Alifagia ua. Kila jioni alijaza beseni, akaitumbukiza miguu ya mama yake humo na kuikanda, taratibu, bila kuambiwa, kitu ambacho Shigen hakuwahi kukifanya tangu azaliwe. Uvimbe ukapungua. Mama Dong, aliyekuwa akisota ili afike jikoni, akaanza kutembea hadi kwenye lango na kurudi.

Caiyue ndiye aliyelala naye. Ndiye aliyeamka akakuta shuka upande wa mumewe limelowa chapachapa, baridi, na lile ua la ziwani likinukia kwenye mto. Ngozi ya nyayo zake ilikuwa imejikunja na kuwa nyeupe, kama ya mfuaji aliyeshinda mtoni, na haikunyooka hata aliposhinda juani. Tena alimkuta mara mbili amesimama langoni, akiangalia upande wa kituo.

"Gati liko wapi?" mume alimwuliza.

"Gati gani?"

"La ghubani. Mitumbwi inafunga wapi siku hizi?"

Ghuba ile ilijazwa mawe na udongo kabla kituo hakijajengwa juu yake, na Shigen mwenyewe alibeba mawe hayo. Caiyue alisema ataulizia, akaingia jikoni akafunga mlango.

Lakini kilichomwonyesha ukweli hasa kilikuwa kitu kidogo. Asubuhi moja aliunguza wali. Akauweka mezani makusudi, mweusi vile vile, akangoja. Shigen wa miaka yote angeuliza kama wamehamia kwenye biashara ya mkaa. Angemwita mkewe mpishi wa kaburini, angecheka mwenyewe kabla ya wenzake, na Caiyue angemrushia kijiti cha kulia. Huyu alikula hadi punje ya mwisho. Kisha akainua uso na kutabasamu kwa adabu.

"Asante," alisema.

Caiyue alitoka nje akalia. Alimkosa mume wake, na mume wake alikuwa amekaa mezani.

Bibi Zi, mwanamke wa kilimani ambaye pepo humpanda na kusema kwa kinywa chake, aliitwa kwa siri siku Mama Dong alipokwenda hekaluni kwa miguu yake mwenyewe kutoa shukrani. Alifika hadi langoni na hakuingia. Alichungulia mara moja tu, akamwona yule aliyekuwa akifagia uani, akamvuta Caiyue mkono hadi kwenye kichochoro.

"Sema polepole," alinong'ona. "Anasikia kupitia mabomba. Ulimwitia wapi mumeo?"

"Palepale alipoangukia, bibi. Bwawani. Ndivyo inavyofanywa."

"Ndivyo inavyofanywa kwa ziwa na kisima. Wewe si mtu wa kazi ile? Maji aliyoangukia, jioni ulipomwita yalikuwa bado yapo pale?"

Caiyue akageuka akaangalia upande wa kituo.

Yeye ndiye aliyekuwa akifungua milango ya maji hayo kila siku. Maji yanayoingia bwawani asubuhi hayakai. Hupigwa hewa, hupita kwenye bwawa la kutulia, tope likazama, na yale masafi yakachukuliwa na pampu. Hayarudi ziwani. Sheria ya ziwa la Yuanpu ni kali, hairuhusu hata tone, kwa hiyo husukumwa kwenye handaki chini ya mlima hadi mashamba ya upande wa pili. Siku tatu zilikuwa zimepita, za kwenda hospitali na kurudi, kati ya kuanguka kwa Shigen na kuitwa kwake. Alikuwa ameshavuka mlima wakati mkewe amesimama darajani na shati lake. Caiyue aliyajua haya yote, akayasahau yote, kwa sababu mama mkwe alisema palepale naye alikwenda palepale.

"Tope," alisema. "Kinachobaki ni tope tu. Tunalirudisha mwanzo, linazunguka. Lipo humo tangu tuanze."

"Hapo nyuma kulikuwa na ghuba ya yale maua meupe," alisema Bibi Zi. "Nayo ilikuwa na watu wake waliozama, waliokaa humo wakingoja wa kuchukua nafasi yao, maana ndiyo njia yao pekee ya kutoka. Mkawajengea juu. Maji yanatoka, wao hawatoki. Wanazunguka, wanazunguka. Ukaenda ukaita, mmoja akaitikia."

"Mtoe, bibi. Nitakupa chochote."

"Nikimtoa leo, mwili utapoa kabla chakula cha mchana hakijaiva. Hauna mwenyewe wa kukaa ndani yake. Kamlete mwenyewe kwanza, kama bado yupo wa kuletwa."

Caiyue alipanda pikipiki yake ya umeme na kuvuka mlima. Alibeba mtungi wa udongo aliokuwa akitilia achari ya mboga, ameuosha, na lile shati. Upande wa pili jua lilikuwa kali na wakulima walikuwa wakipanda mpunga. Handaki lilitema maji yake kwenye mfereji wa saruji, mfereji ukagawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena, hadi bonde zima likawa vipande vya maji vinavyometameta. Akashuka kwenye tuta la kwanza.

"Dong Shigen," aliita, na aibu ilimshika kwa sababu watu walikuwa wakimtazama. "Dong Shigen, rudi nyumbani."

"Naam," likajibu jaruba lililokuwa miguuni pake, kwa sauti nyembamba kupita ya mbu.

Akapiga magoti kwenye tope ili achote, na kabla mkono haujafika majini jaruba la pili likaitikia, la tatu nalo, halafu lile la ng'ambo ya mfereji, na yale ya ngazi ya chini, na yale ya mbali karibu na mto ambayo hakuweza hata kuona mipaka yake, yote yakisema naam, naam, naam, sauti moja iliyovunjwa vipande visivyohesabika, kila kipande kikidhani ni chenyewe kilichoitwa na kila kimoja kikingoja kichotwe, na Caiyue akakimbia kutoka tuta hadi tuta akichota kwa kiganja hapa, kwa kiganja pale, akikanyaga miche ya watu, akijua kabisa kwamba mengine yamekwisha kunywewa na ardhi, mengine yameingia mtoni na mto haurudi, na kwamba hata angekuwa na mitungi ya wilaya nzima asingemmaliza.

"Dada!" mkulima mmoja alimfokea. "Unatafuta nini shambani kwangu?"

"Mume wangu."

Mkulima akafungua mdomo acheke, akamwangalia usoni, akaufunga. Alirudi kwenye miche yake.

Mtungi ulipojaa Caiyue aliukumbatia na kuweka mdomo kwenye shingo yake.

"Shigen? Ni wewe?"

Chini kabisa, sauti ikajibu, "Mke wangu... huu mtungi... unanuka achari."

Alicheka na kulia kwa pamoja, peke yake katikati ya bonde, tope hadi mapajani. Huyo ndiye. Hata angekuwa kijiko kimoja, huyo ndiye.

Bibi Zi alimngoja chini ya kilima cha hekalu. Aliweka sikio kwenye mtungi kwa muda mrefu.

"Ni kidogo, mwanangu. Sikufichi. Atakuwa mtu wa kulishwa na kuvalishwa. Neno moja leo, neno moja kesho kutwa. Lakini ni yeye. Mwite mlangoni kabla jua halijazama. Mama yake akijibu, huyu anaingia na yule hana pa kukaa."

"Asipojibu?"

"Roho isiyojibiwa haivuki kizingiti. Itaishia humo humo kwenye mtungi. Kwa nini asijibu? Si mama yake?"

Caiyue alimpigia Mama Dong simu. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, na mama mkwe alisikiliza, akapumua kwa nguvu, akasema mara mbili kwamba hata yeye alikuwa ameona, kwamba hata yeye alikuwa na wasiwasi wake. "Nitajibu," alisema. Halafu akauliza, "Na atakuwaje huyo unayemleta? Atatembea?" Caiyue hakujua kumdanganya mzee. Akamwambia.

Aliiacha pikipiki hapo, na njia nzima aliita. Hakugeuka. Nyuma yake safari hii hakukuwa na miguu, ila maji kwenye mtungi yalitikisika kifuani pake na kila alipoita yaliitikia, kidogo, kwa bidii, kama mtoto anayejitahidi asiachwe. Watu walimpisha barabarani. Alipofika langoni jua lilikuwa limekalia mlima.

Lango lilikuwa wazi. Mama Dong alikuwa kwenye benchi uani, miguu ndani ya beseni, na yule mwingine alikuwa ameketi kando yake, ameinama, mikono imezama hadi kwenye vifundo, akikanda taratibu. Mvuke wa maua ulipanda kutoka kwenye beseni. Mama Dong aliinua macho. Walitazamana.

"Dong Shigen amerudi?" Caiyue aliuliza.

Mama Dong alifungua midomo. Mikono ndani ya beseni haikusimama. Ilikwenda kwenye kisigino, ikapanda nyuma ya mguu, ikashuka tena, na kikongwe yule akafumba macho, na uso wake ukawa wa mtu ambaye ameumwa miaka mingi na sasa haumwi.

"Mama. Dong Shigen amerudi?"

"Naam," ulisema mtungi, hafifu.

"Mama, jibu! Unamsikia! Ni mwanao huyu, mama, jibu, jua linazama!"

Chozi lilimtoka Mama Dong, likateremka kwenye mkunjo wa shavu. Alikuwa amemsikia. Midomo yake ilibanana mpaka ikawa mistari. Caiyue aliuliza tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka na neno likawa pumzi tupu, na mwanga ukatoka kwenye ukuta, ukatoka kwenye paa, na kati ya mikono yake mtungi ukatulia. Aliuweka sikioni. Yalikuwa maji ya shamba tu, yananuka achari.

"Ingia ule, mwanangu," alisema Mama Dong kwa sauti ndogo, bila kumtazama. "Chakula kinapoa."

Yule aliyekuwa kando yake akatabasamu kwa adabu, akasogea kidogo kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa.